Kwa nini Dvořák wa Prague hasikiki kama Dvořák wa Berlin, London au Cleveland?

#1 MpendaSanturi (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Mtunzi anayechukua nafasi kubwa kuliko wote kwenye rafu zangu ni Mcheki Antonín Dvořák: simfoni zake tisa, konseto zake (kazi za mpigaji mmoja pamoja na okestra) za piano, fidla na chelo, pamoja na Ngoma za Kislavoni ambazo jumla yake ni 16. Nimekusanya rekodi kutoka pande nyingi, na kadiri ninavyozilinganisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zile za Czech Philharmonic, okestra ya Prague, zina kitu ambacho okestra nyingine hazina, hata zile zinazopiga kwa usafi zaidi.

Chukueni ngoma nane za seti ya kwanza, Opus 46 ("Opus" ni namba ya kazi ya mtunzi). Mwongozaji George Szell alizirekodi na okestra ya Cleveland katika miaka ya 1960, na hakuna noti iliyopotea njia: kila fidla inaanza na kuacha pamoja na jirani yake, na hata pale okestra nzima inaponguruma filimbi bado inasikika peke yake. Kisha sikilizeni ngoma hizohizo kama mwongozaji Václav Talich alivyozirekodi Prague na Czech Philharmonic mwaka 1950. Usafi umepungua, lakini mdundo unavuta hapa na kuachia pale, na mwili wa msikilizaji unaitika kabla akili haijauliza sababu. Kwenye simfoni naisikia tofauti hiyo pia, ingawa si kwa nguvu hiyohiyo, na kwenye konseto karibu inatoweka.

Dai langu ni kwamba tofauti ipo na si ya kufikirika. Swali langu ni inatoka wapi. Naomba tusiishie kwenye jibu la "damu ya Kicheki", kwa sababu Szell, mzaliwa wa Budapest aliyekulia Vienna, aliongoza opera ya Kijerumani mjini Prague hadi 1937, na ndiye aliyeongoza Czech Philharmonic hiyohiyo mwaka huo wakati mpiga chelo Pablo Casals alipoirekodi konseto ya chelo.

#2 TarumbetaMoro

Asante kwa uzi, mkuu. Nimepiga pembe na tarumbeta katika bendi ya shaba kwa miaka mingi, kwa hiyo naanzia kwenye vyombo ninavyovijua. Jibu liko kwenye pembe. Wapiga pembe wa Prague wa enzi za Talich na mwongozaji wa baadaye Karel Ančerl walikuwa wakiitetemesha sauti kama waimbaji, wakati wenzao wa Berlin na Vienna walifundishwa kuinyoosha itulie kabisa. Mtetemo huo mdogo unabadilisha rangi ya okestra nzima, kwa sababu Dvořák anazipa pembe nyimbo zake muhimu mno.

Ndiyo maana sikubali kwamba kwenye konseto tofauti inatoweka. Fungua konseto ya chelo ya B maina, Opus 104. Kabla chelo haijaingia kuna utangulizi mrefu wa okestra, na humo pembe moja inapewa wimbo wa pili, peke yake, katika D meja. Sikiliza sehemu hiyo kwenye rekodi ya mpiga chelo Mstislav Rostropovich na Talich ya 1952, kisha kwenye ile ya Rostropovich na mwongozaji Herbert von Karajan pamoja na Berlin Philharmonic ya 1968. Mpiga chelo ni mmoja, noti ni zilezile, lakini kabla hajagusa uzi hata mmoja utakuwa umekwisha kujua uko mji gani.

#3 SikioLaPili

Tarumbeta ametaja chombo, mimi nataja nyumba. Czech Philharmonic ina makao yake Rudolfinum, jengo lililofunguliwa 1885 kando ya mto Vltava, na Dvořák mwenyewe ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la okestra hiyo humo tarehe 4 Januari 1896. Ukumbi ule una mwangwi wa joto unaozishikanisha fidla na vyombo vya kupuliza. Okestra inayofanya mazoezi kila siku mahali pamoja hujifunza kupiga kwa kufuata jinsi kuta zinavyoirudishia sauti: mwangwi ukiwa mrefu, wapigaji huachia noti mapema, na ukiwa mkavu huzishikilia. Szell alikuwa na Severance Hall, ambao sauti yake kwenye santuri ni kavu na ya karibu sana. Sioni haja ya kutafuta fumbo zaidi ya hapo.

#4 FidlaYaMalindi

Asalaam aleikum, ndugu zangu. SikioLaPili, nadharia yako ni nzuri lakini ina tundu. Tangu 1919 hadi 1939 jengo la Rudolfinum lilikuwa bunge la Chekoslovakia. Wabunge ndio waliokuwa wakisikilizana mle, si wanamuziki. Talich aliijenga okestra yake katika miaka hiyohiyo, akiwa kiongozi wake mkuu kuanzia 1919. Tena Ngoma za Kislavoni na Simfoni ya Nane alizozirekodi na okestra hiyo mwaka 1935 zilirekodiwa London, walipokuwa safarini. Ukizisikiliza, ile hali anayoisema mleta uzi imo ndani yake yote, na ukumbi ni wa Waingereza.

Mimi ni mpiga fidla wa taarabu hapa Unguja, na ninachokisikia kwenye rekodi hizo za kabla ya vita ni kidole. Wapiga fidla wa Talich hawaruki kutoka noti hadi noti. Wanateleza juu ya uzi, na mtelezo wenyewe una kipimo, haufanywi kila mahali. Sisi tunaujua utamu huo kwa sababu fidla na chelo za taarabu haziwezi kuishi bila ya mtelezo. Sikilizeni ngoma ya pili ya Opus 72, seti ya pili ya ngoma hizo, ile ya E maina yenye huzuni, jinsi fidla zinavyopanda kuifuata noti ya juu. Baada ya vita mafundisho ya Ulaya na Marekani yaliufuta mtindo huo, wakauona uchafu. Szell alikuwa miongoni mwa waliosafisha kuliko wote.

#5 Mwanahewa

Mzee Fidla hakuna uzi asioufikisha kwenye taarabu, lakini leo namkubalia kwa mikono miwili.

#6 MsomaPraha

Salamu kwenu. Nilisoma Prague katika miaka ya 1980, na ninaona mnazungukia jambo ambalo wenyeji walikuwa wakinieleza kila mara: lugha na ngoma. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kicheki hukazia silabi ya kwanza ya neno, daima. Kwa hiyo nyimbo za jadi za Bohemia huanza moja kwa moja kwenye pigo zito, bila noti ya kutangulia. Mpigaji aliyekua akiziimba nyimbo hizo hulitua pigo la kwanza kwa uzito wake wa asili, wakati yule wa nchi nyingine hulikaribia pigo hilo kana kwamba anapanda ngazi.

Halafu kuna ngoma yenyewe. Ngoma ya kwanza na ya nane za Opus 46 ni za aina iitwayo furiant. Wanakijiji huihesabu mbili, mbili, mbili, kisha tatu, tatu. Dvořák ameiandika kwa hesabu ya tatu mwanzo hadi mwisho na kuiachia mikazo ndiyo ibadilike, kiasi kwamba anayesoma karatasi tu anaona hesabu ya tatu, na anayeifahamu ngoma anaona miguu. Nimewaona wazee kwenye harusi za vijijini wakicheza furiant wala hawahesabu chochote. Sousedská nayo ni ya taratibu, ya watu wazima walioshikana, na skočná ni ya kurukaruka. Rekodi nyingi za nje huzicheza zote tatu kwa tabia moja ya uchangamfu, na hapo ndipo zinaponipoteza.

#7 BibiNoti

Ndugu MsomaPraha, hoja ya mikazo naikubali kwa nusu. Ngoma hizi haziitwi za Kicheki, zinaitwa za Kislavoni, na sababu ipo. Opus 46 ya 1878 ina aina iitwayo dumka, ambayo asili yake ni Ukraine. Opus 72 ya 1886 na 1887 inakwenda mbali zaidi, ina odzemek ya Waslovakia na kolo ya Waserbia. Tena Dvořák hakunukuu nyimbo za kijijini kama alivyofanya Johannes Brahms kwenye Ngoma za Kihungari. Alichukua midundo tu na kutunga nyimbo mpya kabisa. Kama mpiga fidla wa Prague anaweza kuicheza kolo ya Waserbia kwa utamu, basi si kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Nyongeza ambayo wengi huisahau: ngoma hizi zilitungwa kwanza kwa watu wawili kwenye piano moja, kwa ajili ya kuuzwa majumbani. Brahms ndiye aliyemtambulisha Dvořák kwa mchapishaji Fritz Simrock wa Berlin, na Simrock alimlipa marki 300 kwa seti ya kwanza, seti ambayo baadaye ilimtajirisha yeye.

#8 Mgeni_Tanga

Samahanini kwa kuingilia. Nimenunua santuri ya zamani iliyoandikwa "Dvořák, Simfoni Na. 4, G meja". Nimeilinganisha na orodha za mtandaoni na Simfoni ya Nne imeandikwa kuwa ni ya D maina. Je, santuri yangu imekosewa?

#9 HakikiTarehe

Karibu jukwaani, ndugu. Santuri yako haikukosewa. Ina umri tu. Hiyo ni Simfoni ya Nane. Wakati wa uhai wa Dvořák zilichapishwa simfoni tano peke yake, na zikapewa namba kwa mpangilio wa kuchapishwa. Ya D meja ambayo leo ni ya Sita ilikuwa Na. 1, ya Saba ilikuwa Na. 2, ya Tano ikawa Na. 3, ya Nane ikawa Na. 4, na "Kutoka Dunia Mpya", ambayo leo ni ya Tisa, ikawa Na. 5. Santuri nyingi za hadi miaka ya 1950 zinafuata hesabu hiyo. Simrock alizidisha mkanganyiko: simfoni ya F meja, ambayo leo ni ya Tano, Dvořák aliipa Opus 24, lakini Simrock akaichapisha kama Opus 76 ili wanunuzi waione mpya.

Simfoni ya Kwanza ina kisa kizito zaidi. Dvořák aliitunga 1865 akiwa na miaka 23, akaipeleka kwenye mashindano Ujerumani na haikurudishwa. Aliishi akiamini kwamba imepotea. Kumbe ilinunuliwa 1882 katika duka la vitabu vilivyotumika mjini Leipzig na msomi mmoja ambaye naye jina lake la ukoo lilikuwa Dvořák bila undugu wowote. Ikajulikana 1923, ikapigwa kwa mara ya kwanza Brno mwaka 1936, na kuchapishwa 1961. Kwa hiyo kabla ya 1961 mtu hakuwa na kitabu cha noti kilichochapishwa ambacho kingemwezesha kurekodi zote tisa kwa urahisi, na hii inaeleza kwa nini seti kamili zinaanza kumiminika miaka ya 1960: István Kertész na London Symphony Orchestra kwa Decca, 1963 hadi 1966, Witold Rowicki na okestra hiyohiyo kwa Philips, 1965 hadi 1971, kisha Rafael Kubelík na Berlin Philharmonic, na Václav Neumann na Czech Philharmonic.

#10 Mgeni_Tanga

Nashukuru sana.

#11 Mwanahewa

Hakiki, kwenye seti ya Kertész "Dunia Mpya" si ya London. Aliirekodi Vienna, na ndiyo rekodi yake inayosifiwa kila mahali.

#12 HakikiTarehe

Zipo mbili, mkuu. Ya Vienna Philharmonic ni ya 1961, kabla seti haijaanza. Ya London Symphony Orchestra ni ya 1966, na hiyo ndiyo imo kwenye seti ya simfoni tisa. Ya London inarudia ufunguzi wa sehemu ya kwanza kama Dvořák alivyoandika, jambo ambalo waongozaji wengi wa zamani waliliruka. Uisikilize kabla hujaiacha.

#13 FundiSauti254

Wanajukwaa, hadi sasa mmezungumza kana kwamba mnasikiliza okestra. Mnasikiliza maikrofoni. Mimi ni fundi sauti, ninarekodi kwaya na bendi, na ninajua jinsi umbali wa hatua chache unavyoweza kuifanya kwaya ileile ionekane kanisani au bafuni.

Kertész alirekodiwa Kingsway Hall, London, ukumbi ambao mafundi wa Decca waliupenda kwa mwangwi wake ingawa treni za chini ya ardhi zilikuwa zikipita karibu na mngurumo wake ukiingia kwenye kanda mara nyingine. Decca walitundika maikrofoni tatu juu ya kichwa cha mwongozaji kwa umbo la herufi T, na matokeo yake ni pembe zenye mwanga na besi nzito. Karajan na Rostropovich walirekodiwa kanisani, Jesus-Christus-Kirche mtaa wa Dahlem, Berlin, ndiyo maana nyuzi zao zina wingu. Kampuni ya Mercury iliyomrekodi Kubelík akiongoza okestra ya Chicago mwaka 1951 ilitumia maikrofoni moja tu. Supraphon, kampuni ya serikali ya Prague, iliweka vyombo vya kupuliza vya mbao karibu na msikilizaji kuliko wenzao wote. Klarineti na obo zikisogezwa mbele, msikilizaji atasema "hii ni sauti ya kijijini, sauti ya Bohemia". Fundi wa mitambo ndiye aliyeiamua.

#14 TarumbetaMoro

Fundi, maikrofoni inaweza kuisogeza pembe mbele au nyuma. Haiwezi kuitetemesha.

#15 MpendaSanturi (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Hoja ya Fundi ni nzito na sikuitarajia, lakini naona haijibu suala la mdundo. Kuweka klarineti karibu hakubadilishi pale ambapo Talich anachelewesha pigo la tatu. Na mtelezo wa mzee Fidla unaeleza rekodi za 1935 vizuri kabisa, ila kwa Ančerl mwaka 1961 mtelezo huo umekwisha kupungua sana, na bado "Dunia Mpya" yake ni ya Prague kuanzia noti ya kwanza. Je, kuna mtu anayeweza kutenganisha mwongozaji na okestra?

#16 MamaChelo

Nitajaribu, lakini kwa njia ya konseto, kwa sababu chelo ndiyo riziki yangu. Naona mmeacha jambo moja nje, nalo ni kile ambacho watu walikuwa wakikipitia.

Konseto ya chelo ilitungwa New York kati ya Novemba 1894 na Februari 1895, Dvořák akiwa mkurugenzi wa National Conservatory na akiwa na hamu kubwa ya kurudi nyumbani. Josefina Kaunitzová, shemeji yake, ambaye alimpenda ujanani kabla ya kumwoa mdogo wake Anna, alikuwa mgonjwa, na katika sehemu ya pili Dvořák aliingiza wimbo wake mmoja ambao Josefina aliupenda. Josefina alifariki Mei 1895, muda mfupi baada ya familia kurejea Bohemia, na Dvořák akaufumua mwisho wa konseto na kuongeza mistari ya utulivu ambamo wimbo huo unarudi. Ndiyo maana alimkatalia rafiki yake Hanuš Wihan, aliyewekewa wakfu konseto hii, alipotaka kuweka mahali pa chelo kujionyesha peke yake karibu na mwisho, na akamwandikia Simrock kwamba kazi isichapishwe ikiwa na mabadiliko ya mtu mwingine.

Sasa sikilizeni tarehe. Tarehe 21 Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viliingia Prague. Jioni hiyohiyo, Royal Albert Hall mjini London, Rostropovich alikuwa amepangiwa tangu awali kupiga konseto hii na okestra ya taifa ya Kisovieti chini ya Yevgeny Svetlanov. Watu walipiga kelele za kupinga ukumbini. Alipiga, na mwishoni akainua juu kitabu cha noti za Dvořák. Rekodi ya usiku ule ipo. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 1968, alikaa na Karajan Berlin na kurekodi ile ambayo Tarumbeta ameitaja. Mpigaji mmoja, mwaka mmoja, kazi moja. Ya London imejaa haraka na ghadhabu, upinde unakwaruza. Ya Berlin ni pana na imetulia. Hakuna lugha, ukumbi wala shule ya pembe inayoeleza umbali ule. Na kama tukio la siku moja linaweza kubadilisha upigaji kiasi hicho, fikirieni okestra ambayo mwongozaji wake Ančerl alinusurika kambi za Wanazi za Theresienstadt na Auschwitz huku familia yake ikiuawa, akaiongoza kuanzia 1950, na uvamizi huohuo wa 1968 ukamfanya ahamie Toronto.

#17 BibiNoti

Dada MamaChelo, umenigusa, na rekodi ya tarehe 21 naijua. Lakini niruhusu nipinge. Ukizisikiliza rekodi za Ančerl bila ya kujua maisha yake, utamkuta ni mwongozaji mkali wa mdundo, asiyependa kulegeza, asiyelia hadharani hata kidogo. Msiba haukumfanya apige kwa huzuni. Kwa kinyume chake, mwongozaji Leonard Bernstein alipoirekodi "Dunia Mpya" na Israel Philharmonic mwaka 1986 aliivuta Largo, sehemu ya pili ya taratibu, kupita dakika 18, wakati waongozaji wengi wanaimaliza kwa dakika 11 hadi 13. Hisia zimejaa mle kila kona, na koranglei, chombo cha kupuliza kinachobeba wimbo wake mkuu, inakaribia kukosa pumzi, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema ile inasikika kama Prague.

#18 MsomaPraha

Mleta uzi aliuliza namna ya kutenganisha mwongozaji na okestra. Mtu wa kipimo hicho ni mwongozaji Kubelík. Aliondoka Chekoslovakia 1948 na hakuongoza tena kwao hadi 1990, baada ya utawala kubadilika. Katikati aliirekodi "Dunia Mpya" Chicago mwaka 1951 na Berlin mwaka 1972, na hatimaye Prague na Czech Philharmonic mwaka 1991. Ngoma za Kislavoni alizirekodi Munich na okestra ya Redio ya Bavaria katika miaka ya 1970, na hapo napenda kila mtu asikilize kwa makini: wapigaji ni Wajerumani wa Bavaria, ukumbi si Rudolfinum, pembe hazitetemeki, na bado furiant inakanyaga ardhi ipasavyo. Yeye alikuwa nayo mwilini na aliweza kuihamisha.

#19 SikioLaPili

Ikiwa Kubelík aliihamisha Munich, mbona hakuihamisha Berlin? Simfoni zake na Berlin Philharmonic ni nzuri mno, ya Nane ya 1966 siichoki, lakini nyuzi zile ni za Karajan, nene na laini, hata yeye akiwa jukwaani. Okestra yenye mazoea yake ya miaka haiwezi kusahau kwa mwongozaji mgeni wa wiki moja. Munich walikuwa naye kama mwongozaji wao mkuu tangu 1961, wakawa na muda wa kujifunza. Hoja yangu ya mazoea bado imesimama, hata ukitoa kuta.

#20 Mwanahewa

Kuna konseto mbili tumezisahau kabisa. Ya fidla, A maina, Joseph Joachim hakuwahi kuipiga hadharani ingawa ndiye aliyetungiwa. František Ondříček ndiye aliyeipiga kwanza, Prague, 1883. Rekodi ya Josef Suk na Ančerl ndiyo ninayoishikilia, na Suk alikuwa kitukuu wa Dvořák. Ya piano ilidharauliwa kwa muda mrefu kiasi kwamba Vilém Kurz aliiandika upya sehemu ya mpigaji ili iwe na mng'aro, na wengi wakaipiga hivyo. Sviatoslav Richter alirudi kwenye noti za Dvořák mwenyewe aliporekodi na Carlos Kleiber na okestra ya opera ya Munich mwaka 1976. Pale hakuna Mcheki hata mmoja kati ya hao wawili, na sijasikia rekodi ya konseto hiyo inayonishawishi zaidi.

#21 TarumbetaMoro

Tukiwa kwenye vilivyosahaulika, niwatetee wapigaji wenzangu. Katika "Dunia Mpya" nzima tuba inapiga ndani ya Largo tu, noti chache mno za kushikilia shaba nzito, na toazi linagongwa mara moja tu, katika sehemu ya mwisho, tena kwa sauti ya chini. Kwenye rekodi nyingi toazi hilo halisikiki kabisa. Likisikika, FundiSauti apewe heshima yake.

#22 FundiSauti254

Naipokea kwa niaba ya mafundi wote.

#23 HakikiTarehe

Nilete rekodi moja ya karibuni inayovuruga nadharia zenu zote. Jiří Bělohlávek alirudi kuiongoza Czech Philharmonic mwaka 2012, na seti yake ya simfoni tisa na konseto tatu ilitoka 2014 kwa Decca, ikiwa na Alisa Weilerstein kwenye chelo, Frank Peter Zimmermann kwenye fidla na Garrick Ohlsson kwenye piano. Ukumbi ni Rudolfinum, mwongozaji ni mzaliwa wa Prague, kampuni ni ya London, wapigaji wakuu watatu ni wageni. Mtetemo wa pembe wa enzi za Talich umekwisha kufifia, mtelezo wa fidla haupo. Kwa hiyo tumeondoa pembe, kidole na kampuni ya Supraphon. Je, mnaisikia bado ile tofauti?

#24 FidlaYaMalindi

Naisikia kwenye ya Sita, sehemu ya tatu, kwa sababu ni furiant. Kwenye ya Saba siisikii.

#25 MamaChelo

Mimi naisikia kwenye konseto, kwenye klarineti, katika mistari ile ya mwisho aliyoiongeza kwa ajili ya Josefina. Wanaipiga bila haraka na bila kuikuza.

#26 BibiNoti

Basi napendekeza jaribio lililo gumu zaidi. Chukueni Simfoni ya Tatu, E bemoli meja, ambayo Bedřich Smetana aliiongoza Prague mwaka 1874. Ina sehemu tatu tu, na ni ya kipekee kwa hilo kati ya zote tisa. Haina furiant wala dumka, na imejaa mtindo wa mtunzi wa Kijerumani Richard Wagner kuanzia kinubi hadi shaba. Mlinganishe Neumann na Kertész. Kama tofauti ya Prague inabaki hata pale ambapo hakuna ngoma ya kijijini wala wimbo wa mikazo ya Kicheki, nadharia ya MsomaPraha imeanguka. Kama inatoweka, basi pembe na kumbi zimeanguka.

#27 MpendaSanturi (mleta uzi)

Zote mbili ninazo na nimezipiga usiku huu, moja baada ya nyingine, sehemu ya pili kwanza kwa sababu ndiyo ndefu na ndiyo iliyo karibu zaidi na Wagner. Rangi ya vyombo vya kupuliza ni tofauti waziwazi. Neumann ana obo nyembamba na kali zaidi, na shaba yake haizibi nyuzi. Mwendo na mdundo, hata hivyo, vinakaribiana kiasi kwamba nikifumba masikio kwa rangi siwezi kuwatenganisha. Kwenye sehemu ya mwisho Kertész ana kasi na furaha zaidi.

#28 MsomaPraha

Rudia hiyo sehemu ya mwisho, mkuu, na uhesabu kwa mguu badala ya sikio. Ule mdundo wake wa kuchupa si wa Wagner, ni wa polka, na Neumann anaucheza polepole kidogo kuliko Kertész kwa sababu polka ya kuchezwa na watu ina kikomo cha kasi. Kwa hiyo jaribio la Bibi halikuitoa ngoma nje kama alivyodhani.

#29 BibiNoti

Mdundo wa mbili wenye kuchupa upo Ulaya nzima, ndugu yangu. Nitajie ni wapi hasa kwenye sehemu hiyo unapoisikia polka, nami nitafungua kitabu cha noti.